Mguu wa Nyamizi na Bega la Kaseka

Hapo zamani, zamani za juzi tu, simu zilipokwisha kuwa na akili kuliko wenyewe, palikuwa na fundi wa nguo aitwaye Nyamizi. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliowalisha wanawe watatu.

Asubuhi moja alivuka barabara, tena kwenye kivuko cha pundamilia kama raia mwema afundishwavyo. Lori la Kaseka likamgonga. Mguu ukavunjika, na nyumbani kuna sketi arobaini za wanafunzi, shule zinafunguliwa Jumatatu.

Baraza likaketi. Nyamizi akaja na magongo yake.

"Pole zenu ninazo gunia zima," akasema. "Nataka mguu. Nani atanikanyagia cherehani?"

Kaseka akasimama. "Si mimi. Sheria inakataza kushika simu mkononi. Mimi sikuishika, niliibana begani! Tena aliyepiga ni mama mkwe. Nani hapa amewahi kumkatia mkwe simu akabaki na mke?"

Wanaume wakatazama chini. Hoja nzito hiyo.

Mama mkwe, Bi Kalunde, akasimama. "Si mimi. Nilipiga mara saba kumuuliza amefika wapi, kwa mapenzi tu. Akasema, 'Naendesha, mama.' Nikamwambia, 'Basi endesha, baba, huku tunaongea.' Nimemzuia nini?"

Akasimama Mheshimiwa Kapuli, mtunga sheria mwenyewe. "Si mimi. Nilileta muswada mkali: simu isiguswe kwa mkono, sikio wala bega. Madereva wakanuna, na uchaguzi ulikuwa mlangoni, tukayasamehe mabega. Nusu shari kuliko shari kamili. Na tulipoita wananchi watoe maoni, huyu mama alikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashona vitenge vya kampeni yako, mheshimiwa," Nyamizi akajibu. "Ulivitaka haraka."

Baraza likacheka. Nyamizi hakucheka. Mara simu ya mheshimiwa ikalia. Akaomba radhi kwa adabu zote, akaingia garini, akaondoka akiongea, simu begani, kisheria kabisa.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, wekeni simu chini kidogo, kama mnaweza. Aliyeendesha, aliyepiga na aliyelegeza sheria: je, nani alistahili kukaa kwenye cherehani ile?