Siwema na Zimwi Lililoita Majina

Paukwa!

Pakawa!

Upinde?

Wa mwindaji!

Mshale?

Wa mwenye shabaha!

Na mdomo?

Ufumbwe!

Haya, umefumbwa? Mbona bado namsikia mtu anatafuna muhogo huko nyuma? Meza kwanza, nakungoja.

Basi. Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji kiitwacho Magombani, kwa kuwa kilizungukwa na migomba pande zote. Watu wa Magombani walisifika kwa mambo mawili: pinde zao na adabu zao. Mtoto wa Magombani akiitwa, hata kama ana tonge mdomoni, huitika. Wa kike, "Abee!" Wa kiume, "Naam!" Asiyeitika huambiwa hakufunzwa na mamaye. Si kama nyinyi, mnaoitwa mpaka mwitaji akashikwa na kiu.

Siku moja likazuka zimwi. Lo! Halikuwa zimwi la mchezo. Lilikuwa na tumbo lililoning'inia mpaka magotini, na masikio mapana kama nyungo. Kwa masikio hayo lilijificha kwenye mahindi saa za magharibi, akina mama wakiita watoto waje kula, likasikiliza. Likayajua majina ya watu wote wa Magombani, hata la kikongwe asiyetoka nje.

Kila mwezi ulipoandama, zimwi lilikuja alasiri, mchana kweupe, bila haya. Lilisimama uwanjani ng'ambo ya migomba, likidai mbuzi na kuku. Mpiga upinde hodari hutoka kwenda kupambana nalo. Akishavuta tu, zimwi huinua tumbo kidogo kwa mikono miwili lipate pumzi, likaimba kwa jina la mpiga upinde huyo:

*Fulani, Fulani wee!*
*Ni nani akuitaye?*
*Mwenye adabu huitika,*
*Mkosa adabu hana kwao!*

Naye, kwa adabu zake, huitika: "Naam!" Taya likashuka, mkono ukacheza, mshale ukaenda kutoboa migomba. Kabla hajapachika wa pili, ameshamezwa. Mzima mzima, maana zimwi hilo halikuwa na tabia ya kutafuna.

Na mambo ya tumbo lile yalikuwa hivi. Aliyemezwa huishi humo gizani, lakini kidogo kidogo hulisahau jina lake. Mvua za masika zikinyesha naye bado yumo, jina hupotea kabisa, na asiye na jina hatoki tena.

Aliyemezwa mwisho alikuwa Makame, bingwa wa upinde kuliko wote. Makame alikuwa na binti mmoja tu, akiitwa Siwema. Siwema alimwona baba yake akivuta, akamsikia akiitika, kisha hakumwona tena. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipotazama juu, mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika.

Basi Siwema akafuta machozi, akachukua upinde wa pili wa baba yake, uliobaki ukutani, akaenda migombani. Akapiga mshale, ukaenda kushoto. Akapiga wa pili, ukaenda kulia. Akapiga wa tatu, ukaenda unakokujua wenyewe. Na upote, ile kamba ya upinde, ukamchapa mkono mpaka ukavimba.

"Unafanya nini hapo?" sauti ikauliza.

Akageuka. Alikuwa Shangazi Mize, dada mkubwa wa Makame, kamwanamke kafupi kenye ulimi wa pilipili. Yeye ndiye aliyemfundisha Makame upinde tangu mdogo. Bega lake lilikuwa limeteguka zamani, halikuweza kuvuta tena, lakini macho yake hayakuteguka.

"Shikamoo, shangazi. Ninafanya mazoezi."

"Marahaba. Hayo si mazoezi. Hayo ni kuiudhi migomba."

"Nataka kumtoa baba," Siwema akasema.

Shangazi Mize akamtazama sana. Kisha akasema, "Utamtoa. Siku ile wote mlikuwa mkimtazama Makame. Mimi nililitazama zimwi. Lile lina kitovu, mwanangu, kimetokeza kama kifuu cha nazi, na tumbo ndilo linalokifunika. Likiinua tumbo lipate pumzi ya kuita, ukingo wake unachungulia. Nguvu zake zote zimefungwa hapo."

"Basi nitakipiga!"

"Utakipiga na nini? Na mkono huo uliovimba? Weka mishale chini."

"Niiweke chini, shangazi? Na mvua zinakuja?"

"Kwa sababu zinakuja. Hatuna wakati wa kukosea."

Basi wakaanza. Shangazi akachukua majivu, akachora mstari mchangani, akamwambia, "Miguu yako huku na huku. Bega lielekee unakopiga. Kiwiko cha mkono ulioshika upinde kigeuze nje kidogo, upote usikuchape." Siwema akasimama. "Vuta. Shikilia. Sasa rudisha polepole. Koma usiuachie upinde mtupu, utapasuka, nami nitakupasua wewe." Akavuta, akashikilia, akarudisha. Jua likazama hajagusa mshale hata mmoja.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu shangazi akaja na masizi ya chungu, akaupaka upote.

"Ukivuta, upote uguse pembe ya mdomo. Pale pale kila mara. Masizi yatanieleza kama unasema kweli."

Siwema akavuta na kuvuta. Walipotazama usoni, palikuwa na mistari kama nyayo za kuku: mmoja puani, mmoja kidevuni, mmoja karibu na sikio. Watoto wa kijiji wakacheka mpaka wakakaa chini. "Siwema ana masharubu! Siwema ana masharubu!"

"Cheka nao," shangazi akasema, "kisha nawa, uanze tena. Simama, vuta, tulia."

Simama, vuta, tulia. Asubuhi, simama, vuta, tulia. Jioni, simama, vuta, tulia. Hata siku moja akavuta tangu asubuhi, na usoni pakawa na mstari mmoja tu wa masizi, mwembamba, kwenye pembe ya mdomo. Shangazi Mize hakumsifu. Alimpa mshale tu, na Siwema akajua kuwa hiyo ndiyo sifa.

Akamsimamisha karibu na mgomba, karibu kiasi cha kuugusa kwa mwiko. "Hapa hata kipofu hupata," Siwema akanung'unika.

"Vizuri. Basi nawe upate."

Mishale ilipokusanyika mahali pamoja, akarudishwa nyuma hatua. Ikitawanyika, anasogezwa mbele tena, bila matusi wala huruma. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka akawa anaupata mgomba toka ng'ambo ya uwanja. Siwema akaona kifua kimepanuka. "Sasa niko tayari, shangazi!"

"Hebu vuta," shangazi akasema.

Siwema akavuta. Shangazi akamkonyeza jirani yao Bi Chiku, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Bi Chiku akapaza, "Siweeema!"

"Abee!" akaitika Siwema, na mshale ukaruka, ukachoma boga juu ya paa la Bi Chiku.

"Boga langu!" akalia Bi Chiku.

"Ungekuwa umeshamezwa," akasema shangazi. "Umeona? Mkono unajua, macho yanajua. Mdomo ndio bado mtoto mchanga. Ukiitika, taya linashuka. Taya likishuka, upote unahama. Mdogo wangu hakukosa shabaha, mwanangu. Aliitika."

"Lakini shangazi, nisiitike nikiitwa? Watu watasemaje?"

"Utaitika. Nani kakwambia usiitike? Maliza kazi kwanza, ndipo uitike."

Kusema ni rahisi. Mwili uliofunzwa kuitika tangu kunyonya hauachi kwa kuambiwa. Akiitwa, "Abee!" Akiitwa tena, "Abee!" Boga la pili likaenda. Hapo Shangazi Mize akaleta kata ya maji.

"Piga funda moja. Usimeze, usiteme. Sasa vuta."

Bi Chiku akaita. Maji yakamwagika kifuani. Akaita tena, yakamwagika. Siwema akalowa chapachapa, lakini jioni yake Bi Chiku aliita mpaka akakohoa, na maji yakabaki mdomoni. Mshale ukaenda mgombani, chwa! Ndipo Siwema akameza, akasema kwa heshima, "Abee, Bi Chiku."

"Huyu mtoto mnamharibu," Bi Chiku akanung'unika. "Anamfanya mtu mzima angoje!" Lakini kesho yake alifika wa kwanza kuja kuita.

Mwishowe shangazi mwenyewe akajificha nyuma ya migomba, akaigiza sauti ya Makame. "Siwema, mwanangu!" Maji yalimwagika yote, na machozi juu yake. Shangazi akatoka, akamkumbatia, akalia naye. Kisha akajaza kata upya. "Tena," akasema. Wakarudia, na wakarudia.

Basi mwezi ukaandama. Mawingu yalikuwa meusi, mazito, yameinama juu ya Magombani. Alasiri ardhi ikatikisika, zimwi hilo. Watu wakakimbilia ndani, wakachungulia kwenye nyufa. Siwema akatoka na upinde wa baba yake. Akanywa funda moja la maji kwenye kata ya shangazi. Woga alikuwa nao, nisiwadanganye. Lakini miguu ilijua pa kukanyaga.

Simama. Vuta. Tulia.

Zimwi likacheka. "Leo wameniletea kifaranga!" Likainua tumbo kidogo, likaimba:

*Siwema, Siwema wee!*
*Ni nani akuitaye?*
*Mwenye adabu huitika,*
*Mkosa adabu hana kwao!*

Siwema kimya. Ukingo wa kitovu ulichungulia tu, kisha tumbo likashuka. Hakuachia. Alirudisha upinde polepole, kama alivyofunzwa, akapumua puani, akavuta tena.

Zimwi likashangaa. Tangu lizaliwe halijawahi kuita mara mbili. Likainua tumbo juu zaidi, likapaza sauti mpaka kuku waliolalia mayai wakaanguka kutoka vitagoni:

*Siwema, Siwema wee!*
*Ni nani akuitaye?*
*Mwenye adabu huitika,*
*Mkosa adabu hana kwao!*

Siwema kimya. Nusu ya kitovu ikaonekana. Nusu haitoshi. Akarudisha, akapumua, akavuta mara ya tatu. Tone la kwanza la mvua likamwangukia mkononi.

Sasa zimwi likapandwa na hasira. Likanyanyua tumbo lote mpaka kifuani, likavuta pumzi hadi migomba ikainama, likaita. Lakini safari hii halikuita kwa sauti yake. Liliita kwa sauti ya Makame.

"Siwema, mwanangu! Siwema wee!"

Moyo wa Siwema ulisema abee. Macho yake yalisema abee, yakajaa machozi. Lakini mdomo ulikuwa umejaa maji, na upote ulikuwa umetulia kwenye pembe ya mdomo, pale pale, palipozoea masizi. Kitovu kikawa wazi chote, kama kifuu cha nazi.

Akaachia. Chwa!

Mshale ukazama kitovuni. Zimwi likayumba huku, likayumba kule, likaanguka chali, puu! Siwema akashusha upinde. Akameza maji yake. Akapiga goti kidogo, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa.

"Abee," akasema. "Ulikuwa waniita?"

Zimwi halikujibu. Tumbo likapasuka kama gunia, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakipikicha macho, na kila mmoja aliitwa na wa kwao, akaitika. Wa mwisho akatoka Makame. Akasimama mvuani, anamtazama binti yake kama anavyotazamwa mgeni.

"Baba!" akalia Siwema. Makame akageuka nyuma kuona ni baba yupi anayeitwa.

Mvua ilikuwa inaongezeka. Siwema hakuweza kumwita baba yake kwa jina, si adabu. Ndipo Shangazi Mize akaja mbio, kilemba kimemwanguka, akapaza sauti ile ile aliyomwitia ale tangu wakiwa watoto.

"Makame!"

Kimya.

"Makame!"

Midomo ikacheza, ikanyamaza.

"We Makame! Nikuite mara ngapi? Ndivyo nilivyokufunza?"

Makame akashtuka, akasimama wima kama mtoto aliyekamatwa jikoni. "Naam, dada!" akaitika.

Siwema akautupa upinde, akamrukia baba yake shingoni, wakalia wote watatu, na masika yakamwagika. Bi Chiku naye akalia, japo alidai ni kwa ajili ya maboga yake.

Tangu siku hiyo, mtu wa Magombani akitaka kuvuta upinde hupiga kwanza funda la maji. Akiitwa asiitike, hakuna amwambiaye hana adabu. Humngoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Upote nimeulegeza, upinde nimeutundika, na maji nimeyameza. Mafunzo yake ni haya: fundi hafanywi na mishale mingi, hufanywa na mmoja uliorudiwa vizuri; na kuitika ni adabu, lakini kujua wakati wa kuitika ni adabu kubwa zaidi.

Haya, nawasikia mama zenu wanawaita mkale. Nyinyi hamna upinde mkononi wala maji mdomoni. Mnangoja nini? Itikeni!