Jicho Jekundu la Mama Mponda Kokoto

Mfikirieni mama mmoja mponda kokoto. Kutwa nzima ameketi juu ya gunia chini ya kilima, nyundo mkononi, anavunja mawe. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Kwenye sherehe ya kumuaga, mama angesimama mbele ya ukumbi mzima alishwe keki na mwanawe, kamera zikimmulika usoni.

Na jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu.

"Shoga, mbona umeanza kunywa kabla ya sherehe?" wenzake wakamtania.

"Vumbi tu hilo," akajibu, lakini maneno yalimchoma. Akaenda duka la dawa.

"Mama, linauma?" muuzaji akamuuliza. "Unaona vizuri?"

"Haliumi, mwanangu. Nataka liwe jeupe tu."

Hapo, wapendwa, hakusema kweli. Lilikuwa likimkwaruza kila alipofumba.

Muuzaji, binti wa watu, akampa kichupa cha dawa ya matone. "Nawa mikono kwanza. Ncha isiguse jicho, na usimwazime mtu. Tia kama karatasi inavyosema, isizidi siku tatu. Likiuma, ukiona ukungu, au wekundu usipoisha, acha dawa uende hospitali."

Katika yote hayo, mama alibaki na neno moja: tia.

Akatia. Jicho likawa jeupe kama la mtoto mchanga. Akajitazama kwenye kioo, akacheka peke yake. Baada ya saa chache wekundu ukarudi, akatia tena. Ukarudi umezidi, akatia tena. Siku tatu zikapita, wiki nayo ikapita.

"Dawa za siku hizi maji matupu," akanung'unika. Hakujua kwamba dawa hiyo ikizidi, yenyewe hulitia jicho wekundu.

Asubuhi ya sherehe binti akaja na gauni lake. "Mama, nimependeza?"

Mama akafunika jicho la kulia kwa kiganja, amtazame kwa lile jekundu. Uso wa mwanawe ukapotea kwenye ukungu.

"Nipeleke hospitali," akasema.

"Leo, mama?"

"Leo. Nataka kukuona."

Daktari akatoa jichoni kipande cha jiwe, kidogo kuliko punje ya chumvi. "Jicho litapona," akasema, "ila ungechelewa, tungekuwa tunaongea mengine. Wekundu ulikuwa unakuita, mama. Mbona ukawa unaunyamazisha?"

Jioni akaingia ukumbini na bandeji jichoni, kamera zote zikimtazama. Akapewa kipaza sauti. Kamati ya sherehe ikakaa sawa ili ishukuriwe. Mama akasema, "Kwanza namshukuru Mungu kwa jicho langu jekundu."

Na sisi je? Dawa ile ni neema. Vumbi likikuwasha kidogo, itumie kama ulivyoelekezwa, ushukuru. Lakini ni mara ngapi tunaitumia neema kujificha? Nyumbani hatusemezani, tunavaa vizuri, tunakuja hapa na macho meupe. Mtu akituuliza, "Linauma?" tunasema, "Haliumi."

Leo kila mmoja wetu alete shukrani moja ambayo hajawahi kuileta. Usimshukuru Mungu kwa yaliyo meupe peke yake. Mshukuru kwa lile jekundu unalolificha, kwa sababu linakuita ungali unaweza kuwaona watoto wako. Kisha inuka, ukaseme kweli kwamba linauma.