Koma Mbili Langoni

Bwana Shekuwe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alikuwa akimwoza bintiye. Alimwamuru shemeji yake Mwanakheri, mwenye mwandiko mzuri, aandike bango la langoni: "Wageni wenye kadi wataingia kula pilau." Majirani hawakupewa kadi.

Mchana Mwanakheri akaja na majirani wote. Mwalimu akaziba lango.

"Someni bango."

"Tukumbushe kwanza, shemeji. Kwenye Kiingereza, maneno yaliyo kati ya koma mbili huwa ni ya nini?"

"Ni ya ziada tu," akajibu kwa madaha mbele ya wakwe waliokwisha kufika. "Ukiyatoa, maana inabaki ileile."

"Basi geuka ulisome wewe."

Bango lilisema: "Wageni, wenye kadi, wataingia kula pilau."

Wakwe wakaangua kicheko. Mwalimu naye akashindwa kujizuia, akaachia lango huku akicheka, na sinia la kwanza akapewa Mwanakheri.