Nakijwa na Watoto Wanne wa Paka

Mliokaa, mmekaa?

(Tumekaa!)

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha malishoni na mbuzi?

(Tumekuja nayo!)

Basi yategeni, maana ninayosema leo siyarudii kesho.

Zamani, zamani zile milima hii ya Upare ilipokuwa bado michanga, mawingu yakilala mpaka milangoni na watu wakiyafagia asubuhi kama majani, palikuwa na kijiji kimoja juu kabisa ukingoni. Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Kazi yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: kutunza mbegu ya ulezi ya kijiji kizima. Mbegu ilikaa darini kwake, juu ya moshi wa jiko, ikingoja mvua.

Sasa mwaka huo wakaja panya. Si panya wawili, si panya kumi. Panya, wajukuu zangu! Walikula ulezi wa kula, wakala ngozi za kulalia, wakatafuna nyayo za watoto waliolala. Kijiji kikashinda njaa miezi mitatu. Katika ulezi wote ikabaki mbegu ile ya darini tu, na hiyo nayo panya walikwisha kuinusa.

Ndipo wabeba chumvi waliopita njiani wakawaachia wanakijiji paka jike, mwenye mimba, kwa kubadilishana na mbuzi. Kijiji hakikuwa kimewahi kuona paka. Akapewa Nakijwa amtunze. Paka akazaa watoto wanne: Majivu, Madoa, Kiazi, na yule mdogo kuliko wote, Kokwa, ambaye ungeweza kumficha kiganjani.

Watoto walipoanza tu kutembea, Nakijwa akaenda kumzika shangazi yake mlima wa pili. Alikaa siku tatu. Aliporudi, mama paka hakuwepo. Chui alikuwa amempitia. Na wale wanne walikuwa chini ya kinu, mbavu nje, wakilia sauti zimekauka. Siku tatu hawajala.

Nakijwa alikaa sakafuni akawapakata wote. "Nisameheni," alisema. "Nisameheni, sikujua."

Tangu siku ile, kila saa ya chakula ikawa vita. Alikuwa akigusa tu kifuniko cha chungu, wanakuja. Wakapanda, wakaparura, wakamwaga! Akinyanyua bakuli la maziwa, wananing'inia kwenye nguo yake kama kunde. Wakapanda, wakaparura...

(Wakamwaga!)

Eeh, mmejua. Majivu alimng'ata Madoa shingo, Madoa alimkanyaga Kiazi kichwa, Kiazi aliingia bakulini miguu yote minne. Na Kokwa? Kokwa alisukumwa nje. Akifika, bakuli limekwisha kulambwa. Siku hadi siku alizidi kuwa mwepesi, kama unyoya.

Siku moja akaja Senkondo, mkuu wa kijiji. Huyu alikuwa shemeji yake Nakijwa, ndugu wa marehemu mume wake. Mtu mwenye sauti ya kuitia watu mlima kwa mlima, na alikuwa nayo hata ndani ya nyumba. Nakijwa akamwekea uji wa ndizi, moto. Kabla hajaunywa, Kiazi akaruka. Bakuli likapinduka, uji wote ukamwagikia mguuni.

"Mama weee!" Senkondo akaruka juu kuliko paka. "Shemeji! Hawa ndio wa kutulindia mbegu? Hawa ndio tuliotolea mbuzi?"

"Ni watoto, shemeji. Watakua."

"Watakua wawe nini? Wanakula kuliko panya, na panya hawajaniunguza mguu! Nakupa siku saba. Siku ya saba nakuja na wazee. Tukiwakuta hivi, nawashusha bondeni mwenyewe."

"Ukiwashusha, mbegu ataitunza nani?"

Senkondo alichechemea akatoka.

Nakijwa hakulala vizuri. Asubuhi alishika kijiti. Aliyeruka, akachapwa. Wakakimbilia nyuma ya kinu, na bakuli lilipotua wakatoka wakali maradufu, wakala huku wamelaza masikio na kunguruma. Akatupa kijiti. Akaona, labda wakishiba sana watatulia. Akapika dagaa wa ziwani chungu kizima, akawamwagia rundo. Wakala, wakala, wakala mpaka wakatapika, na matumbo yakawauma, nao wakarudi wakaendelea kula. Siku ya pili ikapita hivyo. Zikabaki tano.

Mchana wa siku ya tatu alichoka. Alikuwa amepakata bakuli la maziwa, mikono imejaa mikwaruzo, akakaa chini akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. Hakuita. Hakufukuza. Hakusema "njooni," hakusema "tokeni." Alilia tu polepole, kimya.

Wale wanne walimpanda kwanza, kama kawaida. Wakamzunguka. Wakalia. Lakini palikuwa hapana sauti ya kuwajibu, hapana mkono wa kukimbizana nao. Mmoja akashuka. Halafu wa pili. Mwisho Nakijwa akafuta macho, akaona Kokwa ameketi mbele yake, mkia ameuzungushia miguu, anamtazama usoni.

Nakijwa akashusha pumzi. Akakumbuka anavyofanya kila siku: anakimbia na chungu, anagonga kifuniko, anapiga kelele, "Ngoja! Toka! Wewe Kiazi!" Na anayelia zaidi, huyo ndiye anayempa kwanza ili anyamaze.

"Kumbe mimi ndiye ninayewapigia ngoma," alisema. "Nao wanacheza. Na njaa ile ya siku tatu bado wanayo kichwani. Kila bakuli wanadhani ndilo la mwisho."

Akamwekea Kokwa maziwa kidogo kwenye kigae, pembeni, akamkinga kwa mkono mpaka akamaliza. Ilikuwa mara ya kwanza Kokwa kula mpaka tumbo likawa duara.

Basi tangu hapo Nakijwa akabadilika yeye. Sikilizeni alivyofanya.

Aliokota vigae vinne akaviweka mbalimbali: kimoja mlangoni, kimoja kwenye jiwe la kusagia, kimoja chini ya kitanda, na cha Kokwa nyuma ya kinu, pasipofikika kwa fujo. Akawalisha kidogokidogo, mara tano kutwa, saa zilezile, jua likigusa kizingiti, jua likiwa utosini, hivyo hivyo mpaka jioni. Na kabla ya kula, alifunga unyoya wa kuku kwenye kamba ya mgomba akauburuta sakafuni. Wakaukimbiza, wakauvizia, wakaurukia, mpaka ndimi nje. Paka anataka kuwinda kwanza, ndipo ale.

Halafu akakaa na bakuli mapajani. Kimya. Anayeruka, bakuli linapanda juu na Nakijwa anatazama paa kana kwamba hana paka hata mmoja. Makalio manne yakigusa sakafu, bakuli linashuka.

Siku ya nne alingoja mpaka maziwa yakaganda utando. Siku ya tano akangoja kidogo. Siku ya sita ikaharibika. Kiazi alimrukia kifuani akamchana mpaka damu, na mkono wa Nakijwa ukainuka wenyewe kumpiga. Akauona mkono wake juu. Akaona na yule mtoto alivyojikunja, amefumba macho. Akaushusha taratibu mpaka mgongoni mwa Kiazi.

"Kesho chakula kipo," akamwambia. "Na keshokutwa kipo. Siendi tena nikakuacha."

Akaanza upya.

Siku ya saba Senkondo akaja na wazee watatu na kikapu cha samaki wakavu kutoka ziwa la bondeni, wale wanaonuka mpaka nyumba ya tatu. Akakifungua makusudi. Watoto wa paka wakainuka, pua juu.

"Lisha tuone," Senkondo akasema.

"Hapana, shemeji. Lisha wewe."

Wazee wakacheka. Senkondo hakutaka kuonekana anaogopa vipaka, akashika bakuli la samaki. "HAYA NYIE!" akanguruma. Kufumba na kufumbua wako magotini mwake! Wakapanda, wakaparura...

(Wakamwaga!)

Hawakumwaga! Nakijwa aliwahi kulishika. "Shemeji," akasema kwa upole, "sauti ishushe. Kaa chini. Bakuli mapajani. Usiseme neno."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watulie."

Mkuu wa kijiji akakaa sakafuni. Akanyamaza. Wazee wakatazamana, maana hawakuwa wamewahi kumwona Senkondo amenyamaza. Mabega yake yakashuka. Majivu akashuka naye, akaketi. Madoa akaketi. Kokwa alikuwa ameketi zamani. Kiazi akazunguka mara mbili, akalia, akatazama bakuli, akatazama uso wa Senkondo, kisha pu! makalio chini.

Senkondo akatia samaki katika vigae vinne. Wakaenda kila mmoja kwake, wakala bila kunguruma. Ilisikika midomo tu.

Senkondo hakuinuka. Aliendelea kuwatazama, na aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakijwa. Tangu njaa ile, wanangu nyumbani wanagombania chungu namna hii. Mkubwa anamnyang'anya mdogo. Mimi nawachapa. Kila siku nawachapa, na kila siku wanazidi."

"Wanaogopa, shemeji."

"Naona sasa kwamba wanaogopa."

Paka wale hawakushushwa bondeni. Wakakua, wakapanda darini, na kabla mvua haijaja hapakuwa na panya wa kuthubutu kupita nyumba ile. Mbegu ikashuka ardhini yote. Na jioni ile ile ya siku ya saba, watoto wa Senkondo walimwona baba yao akikaa sakafuni na chungu mapajani, hasemi, hafoki. Walingoja kupigwa. Hawakupigwa. Yule mdogo kabisa akapakuliwa wa kwanza, na baba akamwambia, "Kula polepole, mwanangu. Kingine kipo."

Mmesikia, wajukuu zangu? Anayefanya fujo mbele ya chakula, mara nyingi si mlafi, ni mwoga. Mtulize moyo, mikono itatulia yenyewe. Na utulivu huo aanze nao aliyeshika bakuli.

Kisa nimekitua hapa. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka asikikanyage. Haya, kanaweni mikono, na mdogo atangulie.