Mwaka Wakuvi Walipopekecha Moto Wao

Sogeeni, Wakuvi wenzangu, na nyie mliokaa huko nyuma mkitafuna miwa temeni kwanza, maana habari hii haisikilizwi na mtu mwenye mdomo uliojaa. Ninawataja wa kale, wa enzi ambayo nchi hii ya baridi ilikuwa bado mali ya watu wengine, alipoishi Kalunde binti Mhoja, mwana wa Sagali, Kalunde Mpasua-Magogo, mchemsha chumvi aliyebeba mtungi wa maji ya chemchemi kila mkono akapanda nao kilima bila kutua, na wanaume na ndevu zao wakampisha njia.

Babu zetu hawakuota hapa. Walitumwa na Mtemi Mkuu wa Ruhaga, mwendo wa siku kumi na moja, waje wakae penye chemchemi za chumvi na kumpelekea chumvi hiyo. Na ili wasisahau wao ni watu wa nani, akawafunga kwa sheria ya moto. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianguka, kila jiko la Ikuvi lilizimwa kwa maji, watu wakala vya baridi mpaka mjumbe afike na chungu cha makaa kutoka jiko la Mtemi, nao wapige magoti kugawiwa. Ilisemwa hivi: apokeaye moto ni mtu wa yule aliyempa. Ikasemwa pia kwamba atakayewasha wake mwenyewe ataangamiza ukoo wake wote. Tuliamini, jamani. Vizazi vitano tuliamini.

Mwaka huo mjumbe alichelewa. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, mvua haikatiki, ukungu umelala hadi mlangoni, na katika nyumba ya Limi, mdogo wake Kalunde wa tumbo moja, mapacha wa siku mbili wamebadilika rangi, hawana tena nguvu ya kulia. Wazee wakamwambia Limi avumilie. Avumilie! Kalunde akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nyie kaeni na sheria yenu. Mimi watoto hawa siwaziki." Akatoa darini vijiti viwili vikavu, akaketi barazani mchana kweupe mbele ya watu wote, akaanza kupekecha.

Mzee Igembe, mkuu wa wazee, alijitupa chini akamshika miguu. "Binti yangu, utatumaliza!" Kalunde hakuinua kichwa. Viganja vikachubuka, jasho likamtiririka, moshi ukafuka, cheche ikashika nyasi, naye akaipuliza taratibu. Watu walifumba macho wakingoja kufa. Wakangoja. Mbwa akapita, akajilaza karibu na moto. Hakufa mtu, na kabla ya adhuhuri pacha mmoja akalia, wa pili akamjibu, na Limi akaangua kilio kuwashinda wote wawili.

Kesho yake ndipo akatokea Nkwabi, mjumbe wa Mtemi, ameloa chapachapa, amekumbatia chungu chake. Aliuona moshi. Wazee wakangoja kukemewa, lakini wapi, hakukemea, alimvuta Kalunde pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nisitiri. Nipe kaa moja tu, haya yangu yamezimika."

Kalunde Mpasua-Magogo hakumsitiri. Alimshika mkono, akamleta katikati ya watu, akamtaka aseme tena, wote wasikie. Mtu mzima akalia, akayatoa yote: kwamba kila mwaka makaa yale yalizimika kwenye kivuko cha mto Lwika, kwamba yeye, na baba yake aliyekuwa mjumbe kabla yake, walijificha nyuma ya kichuguu wakapekecha moto mwingine, na kwamba mwaka huu mvua haikumwachia hata kijiti kimoja kikavu.

Lo! Kumbe tulikuwa tukiupigia magoti moto wa kichuguuni! Mzee Igembe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kwa uchungu, maana alikuwa na wajukuu wawili aliowazika katika siku za baridi kwa kuitii sheria.

Ndipo Kalunde akampa Nkwabi kaa, akatamka: "Umepokea moto kwangu, na sheria yenu inasema sasa wewe ni mtu wangu. Sikutaki. Rudi ukamwambie Mtemi kwamba chumvi yetu ataipata kwa kubadilishana, kama watu wengine wote, na kwamba Ikuvi haitazima jiko tena. Akileta mikuki, nchi zote anazozitawala zitasikia habari ya kichuguu."

Miezi miwili wanaume walilinda njia, na wanawake walikaa na mizigo imefungwa tayari kukimbia. Hakuja askari. Alikuja mtu mmoja na ng'ombe mmoja wa kubadilisha na chumvi, akatangaza kwamba Mtemi Mkuu, kwa wema wake, amewaruhusu Wakuvi wajiwashie. Kwa wema wake! Basi watu wakashusha pumzi, mizigo ikafunguliwa, ngoma ikachezwa siku tatu. Majirani zetu wa Usomba, waliofungwa na Mtemi kwa sheria ileile, wakaona kwamba hatuzimi majiko wala hatufi, wakapekecha wao pia. Nchi ya tatu ikafuata, na ya nne, mpaka Ruhaga ikabaki na jiko lake peke yake.

Lakini sisi nasi tuna vituko. Jiko la mtu likizimika, alikimbilia kwa Kalunde na kigae kuomba kaa, akisema moto wake una baraka, na akipokea, anapiga goti. Kalunde aliwagombeza; wakainama zaidi. Asubuhi moja walikuta nyumba yake tupu, mafiga yamemwagiwa maji, majivu yamelowa. Hakuonekana tena. Yowe likapigwa, watu wakatimua mbio makwao wakidhani tumekwisha, na kila aliyeingia nyumbani mwake alikuta jiko linawaka, limetulia, kama alivyoliacha.

Limi alikaa mbele ya jiko lake, mapacha magotini, akasema, "Basi amekwenda vizuri."

Tangu siku hiyo bibi harusi wa Kikuvi haendi kwake na kaa la mama yake wala haombi la mavyaa. Anapekecha mwenyewe, hata kama ni kutwa nzima, na sisi wote na njaa zetu tunamngoja.