Mwalimu Kanga na Shule Isiyo na Kompyuta

Paukwa!

Pakawa.

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako.

Basi sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule zao, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Kanga. Shule yake ilikuwa kilimani, paa la nyasi, ubao mmoja. Umeme hakuwa nao. Kompyuta ndiyo kabisa.

Ng'ambo ya mto palikuwa na shule ya Mwalimu Ngedere, yenye kompyuta kumi.

"Mwenzangu, bado unafundisha kompyuta kwa majivu?" Ngedere alimwuliza kila walipokutana.

"Nafundisha kwa nilicho nacho," Kanga alijibu, akapita zake. Lakini moyo ulimwuma.

Kanga alichora miraba uwanjani kwa majivu. Mwanafunzi mmoja akawa mashine, wengine wakampa amri.

"Mashine haikuhurumii," aliwaambia. "Inafanya ulichosema, siyo ulichotaka."

Siku ya kwanza mashine alikuwa Pimbi. Wakamwambia aende mbele. Hawakumwambia asimame. Pimbi akaenda, akaenda, akaenda, mpaka akajigonga ukutani. Siku ya pili wakamwambia ageuke. Hawakusema upande gani. Akageukia kwenye upupu, akajikuna mpaka jioni. Siku ya tatu waliandika amri zote chini, wakazikagua moja moja. Pimbi akafika palipowekwa muhogo, akautafuna.

Mwezi ule akaja Bi Twiga, mkaguzi wa shule zote.

"Wiki ijayo nitawapima watoto kwenye kompyuta," alisema. "Shule itakayoshindwa naifunga. Watoto wake watahamia shule nyingine."

Kanga hakula siku hiyo. Mto ule ulikuwa na mamba, na watoto wake wangeuvuka asubuhi na jioni.

Ngedere naye akaenda kuchungulia dirishani kwa Bi Twiga. Akaona jaribio lenyewe: picha ya mbuzi aliyepaswa kuongozwa mpaka zizini. Akarudi mbio, akawakaririsha watoto wake: "Mbele, kulia, mbele."

Asubuhi ya jaribio, shule zote mbili zilikutana ofisini kwa Bi Twiga. Alikuwa amelihamisha zizi pichani, maana alikuwa ameona alama za vidole kwenye vumbi la dirisha.

Watoto wa Ngedere wakabonyeza: mbele, kulia, mbele. Mbuzi akatumbukia shimoni. Wakarudia, shimoni. Mara ya tatu, shimoni.

"Kwa nini kulia?" Bi Twiga akauliza.

"Mwalimu alisema tukariri hivyo," mtoto mmoja akajibu. Ngedere akatazama dari.

Ikawa zamu ya watoto wa Kanga. Pimbi alisimama mbele ya kompyuta.

"Samahani bibi, cha kwenda mbele ni kipi?"

Ngedere akacheka. Bi Twiga akamwonyesha Pimbi vitufe.

Pimbi hakubonyeza. Aliomba chaki. Wakachora njia sakafuni, mmoja akawa mbuzi, wakamwongoza hatua kwa hatua. Akakwama. Wakatafuta amri iliyokosewa, wakaifuta, wakaanza upya. Ndipo Pimbi akabonyeza. Mbuzi akaenda, akageuka, akaingia zizini.

"Mmefundishwa kwa kompyuta gani?" Bi Twiga akauliza.

"Kwa miguu yetu," Pimbi akasema. "Mwalimu Kanga ndiye aliyetufundisha."

 Manyoya yalimsimama Kanga mwili mzima.

Shule ya kilimani haikufungwa, na ya ng'ambo nayo ikasamehewa, watoto wasiadhibiwe kwa kosa la mwalimu wao. Bi Twiga alichukua kompyuta tano kutoka kwa Ngedere, akampa Kanga pamoja na mtambo wa umeme wa jua. Ngedere mwenyewe aliamriwa kupanda kilimani kila Jumatatu, akae darasani na watoto, ajifunze.

Jioni hiyo Kanga aliwarudisha wanafunzi wake kwa njia ya sokoni. Ilikuwa ndefu kuliko zote, lakini alitaka kila mtu awaone.

Wanangu, funzo ni hili: ukiielewa kazi, chombo utakizoea hata ukikigusa leo kwa mara ya kwanza. Ukikariri jibu la kuiba, swali likibadilika umekwama.

Hadithi yangu imekaa chini. Ikiwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa chachu, niachieni mimi.