Nungunungu, Bawabu wa Mfereji

Hadithi, nani anaitaka?
Tunaitaka sisi!
Niilete mbichi au imeiva?
Ilete imeiva, utamu ukolee!

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu hakuikuta, Chui aliichukua chemchemi ya nyika nzima akaiwekea askari. Aliyetaka kunywa alipiga magoti kwanza, na aliyenung'unika hakuonekana tena. Watoto wa wanyama wakaanza kufa kwa kiu.

Wanyama wakanong'onezana. Wakaanza kuchimba mfereji wa siri chini ya kichaka cha miiba, wapate kuitoboa chemchemi kwa nyuma. Walichimba adhuhuri, askari wanaposinzia. Nungunungu alikuwa bawabu. Kanga alikuwa mpokezi wa wageni.

Kanga alikuwa na utaratibu wake. Mgeni aje na anayemjua. Siku saba abebe udongo pamoja na huyo aliyemleta, autupe mbali bondeni. Akiaminika, ndipo aonyeshwe mdomo wa mfereji. Hivyo wakazidi kuwa wengi, na wote wakampenda Kanga. Wakichimba, wanamwimba Kanga. Wakipumzika, wanamwimba Kanga. Wakila, wanamtengea Kanga.

Na bawabu je? Hakuna aliyemwimba bawabu. Wivu ukamla Nungunungu, ukamla, ukamla, mpaka chakula hakipiti kooni. Anayeungua jua mlangoni ni nani, si yeye?

Akawaita wenzake, akawaambia Chui ana masikio kila mahali, na mlango wa Kanga ni zizi bovu. Kuanzia siku ile aingiaye aseme neno la siri, aruke mara tatu kwa mguu mmoja, kisha aimbe beti tisa bila kukosea. Wanyama waliogopa, wakakubali.

Akaja Kobe. Neno analijua, kuruka hawezi. "Rudi ulikotoka."

Akaja Swala na mtoto wake, midomo imekauka. Kuruka aliruka, lakini beti zilimpotea kwa kiu. "Rudi ulikotoka."

Akaja Fuko, macho hayaoni, akipapasa mlango uko wapi. Hata neno hakuwa nalo. "Rudi ulikotoka."

Kanga akalalamika kwamba hao ndio wenye kiu hasa. Nungunungu akamjibu, "Una wivu, dada, kwa sababu mlango sasa ni wangu." Jamani, nyani haoni kundule!

Siku ya nne akaja Bweha. Neno, akalisema. Mguu, akaruka. Beti, akaziimba zote tisa na ya kumi akaongeza. Mbona asijue? Alikuwa anashibishwa na Chui, basi alikuwa na siku nzima za kujibanza kichakani akijifunza. Tena akamwambia Nungunungu kuwa hajapata kuona bawabu hodari kama yeye. Nungunungu akalainika mwili mzima.

Kanga akauliza, "Nani anamjua huyu?"

"Amefaulu. Ninamjua mimi," akasema Nungunungu, akamwongoza Bweha mpaka mdomo wa mfereji, bila kubeba hata tonge la udongo.

Kesho yake askari walikuja bila kuuliza njia. Wakaufukia mfereji, wakamfunga Kanga, maana jina lake ndilo Bweha alilolisikia likiimbwa. Zilikuwa zimebaki dhiraa tatu kufika majini.

Nungunungu alilia. Aliona aibu, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi aliowafukuza. Fuko akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dhiraa tatu?" akasema. "Siku ile ningezimaliza kabla jua halijapinda. Hukuniuliza ninajua kazi gani, bwana. Uliniuliza neno."

Wakaanza upya mahali pengine, kwa utaratibu wa Kanga, Fuko akiwa mbele. Maji yakatoka, watoto wakanywa, na Chui akakosa wa kumpigia magoti. Askari wake wakamkimbia, Kanga akafunguliwa.

Siku hiyo nyika nzima ilimwimba Kanga. Nungunungu naye aliimba, tena kwa toba ya kweli, lakini miiba ikamsimama mgongoni bila ruhusa yake. Mpaka leo, akisikia mwenzake anasifiwa, humsimama.

Basi wajukuu, mlango uwe na bawabu, lakini bawabu amjue mtu, si wimbo wake. Na mwenye wivu asipewe ufunguo.

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni. Kesho na asimulie mwingine, ila msimsifu mbele yangu.